Hatari! si shahidi wa Arusha ya zamani

Wakikaa wazee wa Themi na Njiro kuzungumza, haipiti jioni nyingi kabla John Wayne hajatajwa. Wana haki. Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, ambayo Wayne ndiye nyota wake mkuu, ilipigwa huku kwetu Arusha mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, ikatoka 1962. Momella inaonekana, Mlima Meru unaonekana, na watoto wa tembo wanakatiza mitaa ya mji. Mmoja wa nyota wake, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella hata akanunua shamba na kuishi hapo kwa miaka.

Kumbukumbu hizo sina ugomvi nazo. Ninazozikataa ni hoja nne ambazo kila mara hufuata nyuma yake.

“Sinema za zamani zilikuwa za kweli, hazikuwa za kompyuta.”

Hapa wazee wamepata nusu. Hawks aliwatumia waigizaji wenyewe kuwakimbiza wanyama kwa magari, na kifaru anayepambana na kamba ni kifaru kweli. Ndiyo maana mtu akiitazama leo bado anakaa ukingoni mwa kiti. Lakini gharama ya ukweli huo aliibeba mnyama. Kisa chenyewe kinahusu watu wanaokamata wanyamapori wa kupeleka kwenye bustani za ng'ambo, na kinasimuliwa kama mchezo wa vijana wenye afya. Lakini Novemba 2010, wanyama zaidi ya 100, wakiwamo twiga, walipopakiwa kwenye ndege pale uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Qatar, nchi ilichachamaa na kesi ikafika mahakamani. Utasema hao walitoroshwa, wale wa zamani walikuwa na vibali. Sawa, lakini hasira yetu ya 2010 haikuwa ya karatasi tu. Tuliumia kuona twiga wetu wanaondoka.

“Arusha ilikuwa shwari, watu hawakuwa na migogoro.”

Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na filamu ndiyo inayoibeba, kwa kuwa ndani yake ardhi ni tupu na inamsubiri mwenye gari. Jirani kabisa na Momella ni Ngare Nanyuki. Novemba 1951, miaka tisa tu kabla kamera hazijafika, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka huko ili kuwapisha walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kulipeleka shauri la Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi ile haikuwa tupu, ilikuwa imeondolewa watu. Mjini nako, shule zilitenganishwa kwa rangi, na Shule ya Arusha ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Anayesema mji ulikuwa shwari aeleze kwanza ulikuwa shwari kwa nani.

“Maisha yalikuwa rahisi.”

Yalikuwa na vitu vichache, na hilo halina maana kwamba yalikuwa rahisi. Karibu na uhuru, zaidi ya watoto 200 kati ya kila 1,000 waliozaliwa nchini walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta 43. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akikumbusha kwamba tulianza uhuru na madaktari Waafrika 12 na wahandisi wawili. Anayeikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 kama enzi ya utulivu amesahau foleni za sukari na sabuni, na duka la serikali la RTC lenye rafu zisizo kitu. Ni kweli kwamba jirani aligonga mlango kuomba chumvi bila haya. Tujiulize pia kwa nini chumvi ilikuwa ya kuombwa.

“Siku hizi hakuna sinema, vijana wanaangalia simu tu.”

Kumbi za zamani zimefungwa, na kitu kimepotea kweli: mamia ya watu kucheka kwa wakati mmoja gizani. Hata hivyo, Hollywood haikuwa peke yake kwenye kumbi za Tanzania. Filamu za Kihindi zilijaza viti, na baadaye Bruce Lee akawa na wafuasi wake. Na sinema haikufa, ilihamia kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, ambako msimulizi Lufufu alizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye vituko hadi watu wakamfuata yeye kuliko nyota wenyewe. Mwaka 2021, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Katika filamu hiyo hakuna mgeni anayetufanya mandhari ya nyuma ya safari yake.

Basi mwenye kuipenda Hatari! aendelee kuitazama, muziki wa Henry Mancini bado ni mtamu. Asiitumie tu kama ushahidi wa jinsi tulivyoishi. Na kama hamu ni ya filamu kubwa kutoka chini ya Meru, kisa kipo: nyumba zinaungua Ngare Nanyuki, na mtu mmoja wa Kimeru anakwenda New York kuidai ardhi. Wakati wazee wa kukisimulia bado wapo, wenye kamera waende wakawasikilize.