Kalamu Kwetu, Nyaya Kwao

Ndugu zangu mnaosomea umeme na elektroniki, leo nawasema nyinyi. Imekuwa desturi huku ughaibuni: maabara ni watu wawili wawili, mwenyeji anaunga nyaya, sisi tunaandika ripoti. Sababu zinaeleweka. Mtu katoka kubeba boksi usiku kucha, macho mazito, na programu ya kompyuta imeshamchorea grafu safi. Maksi anapata. Ufundi je?

Chukua kichujio rahisi cha opampu, kile cha kupitisha masafa ya chini. Resista ya omu 10,000, kapasita ya nanofaradi 10. Kwa hesabu kinakata kwenye Hz 1,592: ukiingiza volti 1 hapo, inatoka 0.71 hivi. Kompyuta itasema hivyo hivyo. Sasa kiunge kwa mkono. Kapasita yenye tofauti ya asilimia 10 peke yake inaweza kukupeleka popote kati ya Hz 1,450 na 1,770. Waya unaorudi mguu namba 2 ukichomoka, pato linaweza kuganda karibu na volti za umeme unaoilisha opampu. Halafu kuna bredibodi: nyingi ya zile ndefu, njia zake za umeme zimekatika katikati, na hilo hulijui mpaka umekaa nusu saa ukijiuliza kwa nini upande mmoja umekufa.

Ukimaliza, chomoa kapasita, uipe 741 wimbi linalofika kilele cha volti 10, upandishe masafa kupita Hz 8,000. Kwenye osiloskopu utaona wimbi linaanza kunyooka kuelekea pembetatu, maana pato la 741 hupanda kama nusu volti tu kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde. Programu nzuri inaweza kuigiza hayo, ukijua kuiuliza. Nani aulize asilolijua?

Jamani, fundi redio wa Luthuli Avenue au Kariakoo hana digrii, lakini mpe saketi iliyokufa uone. Tukirudi nyumbani huyo ndiye tutakayekaa naye meza moja, sisi na makaratasi yetu.

Chama kila muhula kinachanga pesa za pilau. Bredibodi mbili na opampu kumi hazifiki bei ya mbuzi. Mwenyekiti, unasikia?