Lamu si ya wikendi, jipange

Ukiona picha za ufuo wa Shela mtandaoni, unadhani Lamu ni kushuka tu na kuanza kuogelea. Picha hazikuonyeshi njia.

Hebu hesabu. Kutoka Nairobi unapanda SGR hadi Miritini, saa tano au sita hivi. Hapo bado hujaingia Mombasa mjini, unatafuta matatu. Kisha ni basi: Malindi, Garsen, Witu, na vizuizi vya polisi, toa kitambulisho. Ukifika Mokowe unadhani umemaliza, kumbe barabara imeisha, sasa ni boti. Ndege za kutua Manda zipo, lakini wengi wetu tunazijua kwa jina tu.

Halafu unataka utoke Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi uwe kazini? Hiyo si likizo, ni kulipia uchovu.

Kama una siku mbili pekee, nenda Naivasha. Ya Lamu wekeni kwenye chama polepole, ombeni ruhusa ya wiki nzima, na mlale Mombasa au Malindi kwanza. Mji ambao watu wameuishi zaidi ya miaka 700 hautahama mkichelewa.