Eti fundi wa Tandika hawezi kuielewa inveta?

Juzi nilipita Tandika kumwona rafiki yangu mmoja anayechomelea mageti na grili za madirisha. Nikamkuta kakaa kwenye benchi, mkono kaufunga kitambaa. Inveta yake, ile mashine ndogo ya kuchomelea ya kuning'iniza begani, ilikuwa imezima. Aliyemuuzia alimjibu kwa kifupi: tupa, nunua nyingine. Akaamua kuifungua mwenyewe. Aliichomoa ukutani, akagusa ndani, ikamrusha! Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kapasita za mashine ile zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

Nilipomsimulia mkasa huu msomi mmoja wa huku kwetu Kinondoni, alicheka. Akasema mafundi wa mtaani wabaki na transfoma zao za kusuka kwa mkono, mambo ya kompyuta wawaachie wenyewe. Jamani, wenyewe ni akina nani?

Haya, tuangalie huo "ukompyuta" wenyewe.

Kijiti kinapogusa chuma kisha kikainuliwa kidogo, umeme huruka kwenye hewa na kufanya tao, ule mwanga mkali unaotuumiza macho. Tao lina tabia mbaya: mkondo ukiongezeka, ukinzani wake unapungua, kwa hiyo mkondo unataka kuongezeka zaidi. Lisipodhibitiwa linaunguza kazi, au mashine yenyewe. Transfoma ya kusuka hulizuia kwa uzito wa chuma na shaba yake. Anayeisuka huyajua hayo kwa mikono, hata kama hajawahi kuyaandika kwenye mtihani.

Inveta hufanya kazi hiyo hiyo kwa kupima. Inachukua umeme wa volti 230, inaunyoosha kuwa wa mkondo mnyoofu wa kama volti 325, kisha inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Kwenye njia ya mkondo kuna kipimo. Chukua kipande cha metali chenye ukinzani wa ohmu 0.0005: zikipita ampea 120, unapata volti 0.06 juu yake. Maikrokontrola, au chipu ya kawaida kwenye mashine nyingi za bei nafuu, inalinganisha namba hiyo na ile uliyochagua kwa kitufe. Mkondo umezidi? Inafupisha vipande vya umeme. Umepungua? Inavirefusha. Kijiti kimeganda kwenye chuma? Zile zenye akili zaidi zinashusha mkondo ili ukibandue bila kuunguza kitu.

Basi! Pima, linganisha, rekebisha. Mama ntilie anayepunguza mkaa wali usiungue anafanya hivyo kila siku. Hebu niambieni, hapo ni wapi fundi wa Tandika atashindwa?

Nasema wazi: wanaotuambia elimu hii si ya mtaani wanalinda heshima ya vyeti vyao. Kitivo cha uhandisi pale Mlimani kilianzishwa mwaka 1973, na SIDO ilianzishwa mwaka huo huo kwa ajili ya viwanda vidogo. Chuo cha VETA kipo Chang'ombe, hapo hapo Temeke. Tangu mwaka 2005 kuna bodi za Arduino, zilizobuniwa Italia ili hata mwanafunzi asiye mhandisi ajifunze maikrokontrola. Walimu wapo, vifaa vipo. Ninachodai ni darasa la jioni, kwa Kiswahili, kwa mtu mwenye miaka kumi ya kuchomelea na cheti cha darasa la saba. Somo la kwanza liwe jinsi ya kuondoa umeme kwenye kapasita kabla ya kugusa chochote. La pili liwe namna ya kufuata waya wa kipimo kile hadi kwenye chipu.

Na ninyi wauzaji, wekeni mchoro wa saketi ndani ya boksi. Kumuuzia mtu kifaa cha riziki yake na kumficha kinavyofanya kazi ni kumfanya mpangaji kwenye karakana yake mwenyewe.

Rafiki yangu mkono unapona. Inveta bado iko chini ya benchi, hataki kuitupa. Mimi namuunga mkono.

Naomba kuwasilisha.