Shangazi, uliuliza mashairi yanamlisha nani

Shangazi yangu wa Bwera, na ndugu zangu wote wa Kasese, tangu Kilembe hadi mpakani Mpondwe,

Nawaandikia kutoka Waltham, Massachusetts. Kazi ya kutunza wazee inaendelea. Shangazi, katika ujumbe wako wa sauti uliuliza mashairi yanamlisha nani. Nakujibu mbele ya wote, kwa kuwa wengi wameniuliza hilohilo.

Hayamlishi mtu. Ada za shule ninazotuma zinatokana na zamu za usiku, na mashairi nayaandika alfajiri ndani ya basi, nikirudi kulala. Ila sikiliza. Huku Marekani nikitaja Kasese, mtu akalitafuta jina hilo kwenye simu, anakutana na damu na maji. Novemba 2016, ikulu ya Omusinga, mfalme wetu wa Rwenzururu, imevamiwa. Mwaka 2013 na tena 2020, mto Nyamwamba umefurika na kuibomoa Kilembe. Halafu usiku ule wa Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha: watu 42 wameuawa, 37 kati yao wanafunzi.

Yote ni kweli, na waandishi wa habari walifanya kazi yao. Lakini walikuja na hesabu, wakaondoka, nasi tukabaki na watoto. Katika shairi langu la shule ile hamna moto wala panga. Mna sanduku la bati na kufuli lake, nusu mche wa sabuni, daftari la hisabati, ugali wetu wa obundu uliopoa sahanini, na mama sokoni Mpondwe anayeuza mawese huku akipiga hesabu ya ada ya muhula ujao. Nataka msomaji amjue mtoto kwanza, ndipo ampoteze.

Mkidhani kuandika huku ni tabia ya kigeni niliyoiokota, mkumbukeni Isaya Mukirania. Wengi humtaja kwa mapambano ya Rwenzururu na mwaka 1962 alipojitenga na ufalme wa Toro. Mimi namheshimu zaidi kwa lililotangulia: alikuwa mwalimu, na katika miaka ya 1950 alianzisha chama cha kukusanya historia na maisha yetu sisi Wakonzo. Alijua kwamba watu wasioandikwa hupangiwa maisha na wengine. Naye Okot p'Bitek aliutunga wimbo wake wa Lawino kwa Kiacholi kwanza. Kiingereza kilifuata, mwaka 1966. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuanza na lugha yetu ya Lhukonzo. Mistari yangu naipima kwa endara, magogo yale yanayopigwa na watu kadhaa pamoja, kila mmoja akingoja nafasi yake. Mstari ukikosa nafasi ya mwenzake, naufuta.

Kisha shairi zima naliandika upya kwa Kiswahili. Najua Uganda wapo wazee ambao Kiswahili huwakumbusha askari wa vizuizi vya barabarani, na siwalaumu. Lakini kwetu kilikuja pia na reli iliyofika Kasese mwaka 1956, kikashuka migodini na wachimba shaba, na hadi leo ndicho kinachopatanisha bei pale Mpondwe. Shairi la Kiswahili litasomwa Beni na Butembo, upande wa Kongo, kwa ndugu zetu Wanande, ambao nao wanazika watoto wao mwaka baada ya mwaka, waliouawa na wauaji walewale wa Lhubiriha. Wakonzo na Wanande ni watu wamoja waliogawanywa na mpaka. Sioni kwa nini tuomboleze kila mmoja upande wake.

Basi, shangazi, nakuomba unisaidie katika kazi hii. Bibi anajua nyimbo za kupalilia na za kubembeleza watoto ambazo sijazisikia kwa mtu mwingine. Mwambie binti yetu Masika akae naye jioni, awashe simu, amrekodi, hata wimbo mmoja kwa siku. Bibi asiharakishwe, na akisahau ubeti aachwe autafute mwenyewe. Pesa za data nitatuma Ijumaa.