Jenerali mstaafu Ikulu? Kijana, uliza rekodi, si cheo

Ukisimama dakika kumi tu kwenye steji ya boda Naitiri, Ndalu au Kiminini, siasa za 2027 zitakukuta hapo hapo. Na hutakosa kumsikia msee akisema: wanasiasa wametuchosha, afadhali tumpe kura mwanajeshi mstaafu aje anyooshe nchi. Ati huyo hana deni la chama, hana mambo ya ukabila, na akitoa amri kazi inafanyika.

Wazo hilo si la kuchekwa. Tangu uhuru Kenya imeongozwa na marais watano, na hakuna hata mmoja aliyetoka jeshini. Ukiwa na miaka 23, huna kazi na umeona ahadi za kila aina zikiyeyuka, ni kawaida kutamani kitu kipya.

Sheria nayo haimzuii. Kifungu cha 137 cha Katiba kinamfungia nje mtumishi wa umma aliye kazini. Akishastaafu, ni mwananchi kama wewe. Atafute wapigakura wasiopungua 2,000 wa kumpendekeza katika kila moja ya kaunti 24 au zaidi, atimize masharti mengine, na jina lake litakuwa kwenye karatasi ya kura.

Wala majenerali si wageni katika siasa zetu. Jackson Mulinge, aliyekuwa mkuu wa majeshi wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, baadaye alikuwa mbunge wa Kathiani na waziri. Meja Jenerali Joseph Nkaissery alistaafu, akawa mbunge wa Kajiado ya Kati, kisha Waziri wa Usalama wa Ndani hadi alipofariki Julai 2017.

Kwa hivyo tatizo si sare aliyoivua. Tatizo ni hilo neno "kunyoosha". Jiulize: atakayenyooshwa ni nani?

Ukiwa Tongaren huhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Kaunti hii hii ya Bungoma ina Mlima Elgon. Huko, mzozo wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la SLDF, lililoua na kukata watu masikio. Machi 2008 serikali ilituma wanajeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Kundi lilivunjwa, na wengi walishukuru, kwa sababu walikuwa wameteseka kweli. Lakini wanaume na vijana walikusanywa kwa wingi wakapelekwa kambi ya Kapkota. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kuhusu mateso, mauaji na watu waliopotea. Jeshi lilikana. Kuna familia ambazo hadi leo hazijui wapendwa wao walizikwa wapi.

Basi huko ndiko kunyoosha. Kazi ilifanyika haraka, lakini aliyekuwa na hatia na asiyekuwa nayo wote walipita mlango mmoja.

Halafu kuna hili: shida zako nyingi haziishi kwa amri. Mbolea ya ruzuku inapitia bajeti, na bajeti inapitia Bunge. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kilifungwa 2009 kwa sababu ya madeni na usimamizi mbovu, na deni haliogopi saluti. Rais hulazimika kubishana na magavana, kushindwa kortini na kutii hukumu, kutukanwa na vijana mtandaoni na bado kuwaacha walale kwao. Aliyezoea kujibiwa "ndiyo, afande" kwa miaka 30 anaweza kulijifunza hilo. Lakini alithibitishe kabla hujampa kura.

Wapo waliothibitisha. Vuka mpaka pale Lwakhakha uingie Uganda. Kizza Besigye, kanali mstaafu, amegombea urais mara nne akitumia sanduku la kura, na kwa miaka hiyo yote amekamatwa mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Novemba 2024 alitekwa hapa hapa Nairobi, akaibuka Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Anayetawala huko, Yoweri Museveni, naye aliingia kwa bunduki mwaka 1986 na hajatoka. Wote wawili walivaa magwanda. Kilichowatenganisha ni walivyoyachukulia madaraka.

Nigeria nako kuna somo. Muhammadu Buhari, jenerali aliyewahi kuingia madarakani kwa mapinduzi, alirudi kwa kura mwaka 2015 akiahidi kumaliza ufisadi na Boko Haram. Vijana wengi walimshangilia. Oktoba 20, 2020, akiwa rais, wanajeshi waliwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakiandamana kwa amani pale Lekki, Lagos.

Sisi pia tunaijua sura hiyo. Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bunge, serikali iliita jeshi, na wabunge wakaidhinisha kesho yake. Kifungu cha 241 kinataka idhini hiyo ili mtu mmoja asiamue peke yake kuwageuzia raia mitutu. Jenerali akiwa rais, yeye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na makamanda wa leo huenda ni watu aliowafunza mwenyewe. Je, ataiheshimu idhini hiyo, au ataiona ni kuchelewesha kazi?

Kwa hivyo akija Tongaren na msafara wake, usimpigie saluti. Muulize maswali matatu. Moja, ulipokuwa na mamlaka, uliwahi kukataa amri mbaya, au kumchukulia hatua askari aliyemdhulumu raia? Mbili, pesa ulizosimamia ziko kwenye hesabu gani tunayoweza kuisoma, maana "siri ya usalama" imeficha zabuni nyingi? Tatu, korti ikikwambia hapana, utafanya nini?

Akijibu vizuri, mpe kura yako bila wasiwasi. Atakuwa ameipata kama raia. Akikasirika kwamba ameulizwa, basi amekujibu tayari.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kama bado hujajiandikisha, nenda ukajiandikishe. Maswali ya asiye na kura hakuna mgombea anayeyaogopa, awe jenerali au kuruta.