Barabara ya Wafungwa wa Mai Mahiu: Ichunguzwe Kabla Alama Zake Hazijafutika

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, aghalabu huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha huishika njia ya Naivasha na kukunja kuelekea kusini mwa ziwa. Malori ya maua nayo hupanda njia iyo hiyo. Wachache miongoni mwa wapitao hukumbuka kwamba barabara ile ni zao la vita. Ilichongwa ukingoni na wafungwa wa Kiitaliano waliotekwa katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Italia liliposhindwa katika Pembe ya Afrika mwaka 1941. Kando ya barabara hiyo waliacha kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942.

Kanisa hilo huvutia watalii. Barabara yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya kanisa kuwapo, huchukuliwa kuwa lami tu. Hapo ndipo penye kasoro. Mnamo Novemba 2025, serikali ya Kenya ilizindua mradi wa kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, pamoja na hii ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha. Tingatinga halibagui ukuta wa mwaka 1942 na kifusi cha jana.

Wapo watakaouliza: je, mawe ya wafungwa yana thamani kuliko uhai wa abiria? Swali hilo ni la haki. Mteremko ule ni mwembamba, malori ni mengi, na ajali zimewaliza wengi. Hata hivyo, kuchunguza si kuzuia. Kinachodaiwa ni kwamba kila ukuta, daraja na mfereji wa zamani upimwe, upigwe picha na uandikwe; kisha iamuliwe kipi kibaki na kipi kiondoke. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inatambua turathi za aina hii. Kinachokosekana ni msukumo.

Msukumo huo wapaswa kutoka vyuoni pia, hususan kwa wanafunzi wa Kiswahili. Historia ya vita katika Afrika Mashariki imehifadhiwa na lugha pale ambapo mawe yamenyamaza. Jina Kariakoo, mathalani, limebeba kumbukumbu ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na neno keya bado lamkumbusha mzee askari wa Kiafrika wa mkoloni. Wazee wa Mai Mahiu, Naivasha na Kamere wana masimulizi waliyoyarithi kwa wazazi wao: nani aliwalinda wafungwa wale, nani aliwauzia chakula, ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya barabara kupita. Hiyo ni fasihi simulizi hai, na wenyewe wanapungua kila mwaka.

Uhifadhi utakaowataja Waitaliano pekee utakuwa nusu ya kazi, kwa kuwa Mwafrika wa bondeni naye alikuwapo. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Njia pana na ijengwe, lakini wanaoijenga wajue wanapita juu ya jasho la nani.