Shule Imfae Kijana

Kijana mwenye usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na namna ya kupokea sauti, mwanga na mguso, anapokuwa pia na wasiwasi uliokithiri, ambao ni hofu inayodumu hata pasipo tishio la wazi, uchaguzi wa shule haupaswi kuamuliwa na alama za mtihani pekee. Nchini Kenya, ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake, na sharti hilo la mwisho ndilo linalostahili kuongoza vituo vya tathmini ya elimu maalum, vilivyoanzishwa mwaka 1984 ili kupima mahitaji ya mtoto na kupendekeza shule inayomfaa. Tathmini kamili huchunguza pia kelele za bweni, msongamano wa bwalo na mabadiliko ya ghafla ya ratiba, kwa kuwa kijana aweza kuyamudu masomo na bado akashindwa kuvuka lango la shule. Kushindwa huko si utovu wa nidhamu, na adhabu huizidisha hofu badala ya kuiondoa. Kwa hiyo, kabla ya uhamisho, wazazi na walimu hawana budi kukubaliana kuhusu ziara za awali, chumba tulivu na mwalimu mmoja wa kukimbiliwa, huku kijana mwenyewe akisikilizwa kwanza.